Duara Jekundu la Mafia

Karatasi ya maelekezo inayokuja ndani ya boksi la ndege ya mfano ndiyo shahidi ninayemwamini mwisho. Itakuambia upake kijani namba fulani ya kampuni fulani, rangi ambayo madukani hapa Dar huipati, kisha ubandike stika za kikosi fulani, basi. Haisemi nani aliiona ndege hiyo, wala mwaka gani, wala kwa nini iwe kijani na isiwe kahawia. Wachoraji wa maboksi wamenakiliana miaka nenda rudi, na mmoja wao akikosea, kosa lake likishapigwa chapa mara kadhaa watu hulinukuu kama ushahidi.

Mimi hutengeneza ndege za kivita za mfano, nyingi za kipimo cha 1/72, yaani ndogo mara 72 kuliko ndege halisi, juu ya meza ya chakula nyumbani Tabata, mke wangu akivumilia harufu ya tina ya kuyeyushia rangi. Kukata, kugundisha na kupiga msasa ni kazi ya mikono. Mwenye subira ataijua. Rangi ni kesi. Unakusanya mashahidi, unawahoji, unakuta kila mmoja anasema kweli kwa jambo moja na kupotosha kwa lingine, na hukumu lazima utoe, kwa sababu plastiki haiwezi kukaa kabatini bila rangi.

Siku hizi sianzi na swali la rangi. Naanza na tarehe.

Mfano ni ndege ya Libya aina ya Tu-22 iliyotumwa kuipiga Mwanza mwezi Machi 1979, wakati wa Vita vya Kagera. Ilikuwa imelenga matangi ya mafuta, mabomu yakaangukia Saanane, kisiwa cha wanyama, yakaua swala. Mjomba wangu alikuwa akiishi Mwanza miaka hiyo. Nilimwendea nikiwa na daftari.

"Shikamoo mjomba. Ile ndege ya Libya, ilikuwa na rangi gani?"

"Marahaba. Wewe mtoto, bomu linashuka, mtu anatazama rangi?"

Ila alikumbuka kishindo, akakumbuka watu walivyokimbia, akakumbuka na mzaha uliozagaa mjini baadaye kwamba Gaddafi alikuja kuwinda. Yote hayo niliyaandika. Shahidi wa macho anakupa tukio, rangi usimtwishe. Ukimbana sana atakupa jibu kwa sababu ya heshima tu, nawe utaondoka umefurahi bure.

Rangi ya alama za ndege ile niliipata kwa njia ya kalenda. Ukitafuta picha za ndege za kivita za Libya utakuta nyingi zina duara lenye nyekundu, nyeupe na nyeusi. Duara hilo ni halali kabisa kwa wakati wake: lilitoka kwenye bendera ya Shirikisho la Jamhuri za Kiarabu, ambalo Libya ilikuwamo pamoja na Misri na Syria. Mwaka 1977 Sadat, rais wa Misri, alipokwenda Israel, Gaddafi aliitupa bendera ile akachukua ya kijani kitupu, na maduara ya ndege yakafuata. Kwa hiyo Tu-22 ya Mwanza, mwaka 1979, ni ya duara la kijani tupu. Mtu anaweza kuwa na picha nzuri ya rangi, ya ndege hiyohiyo, ya nchi hiyohiyo, na bado akapata alama isiyo sahihi kwa sababu picha yake ilipigwa kabla ya Sadat kupanda ndege.

Wengine huniuliza kwa nini sitengenezi za jeshi letu wakati ndizo zilizo karibu. Anayeishi Dar anajua: kibao cha "Eneo la Jeshi" hakijadiliwi, na kamera huitoi mfukoni mbele ya uzio ukasema unatafiti kijivu. Ninachotumia ni kile kinachopita hadharani, angani siku za sherehe za kitaifa, na picha zilizokwisha kuchapishwa magazetini. Napenda siku moja nitengeneze Caribou, ile ya kubeba mizigo iliyotoka Kanada wakati Wakanada wakisaidia kuanzisha kikosi chetu cha anga miaka ya 1960. Haina haraka.

Iliyonifundisha zaidi ni ya zamani mno, na ni ya hapa jirani, Mafia.

Meli ya Wajerumani, Königsberg, ilizamisha Pegasus ya Waingereza pale Zanzibar tarehe 20 Septemba 1914, kisha ikarudi kujificha kwenye mikono ya mto Rufiji. Manowari kubwa za Waingereza hazikuweza kuingia kwenye maji yale ya kina kifupi, na kutoka baharini huoni kitu, ni mikoko mitupu. Wakahitaji macho ya juu. Ndege za kwanza walizoleta, za kutua majini, zilishindwa na joto letu: gundi iliachia, injini zikachoka, nyingine haikuinuka kabisa. Baada ya Mafia kutekwa mwanzoni mwa 1915, na uwanja kufyekwa kisiwani, mwezi Juni zikaja ndege za magurudumu, Henri Farman na Caudron. Tarehe 11 Julai 1915 marubani Cull na Arnold walikuwa juu ya Rufiji kwenye Farman, wakiielekeza kwa redio mizinga ya meli mbili za Waingereza, Severn na Mersey. Injini ikapigwa. Ndege inashuka, Arnold bado anatuma masahihisho ya shabaha, mpaka wakaangukia mtoni karibu na Mersey na kuokolewa. Königsberg ikaishia hapo.

Nani angesoma hayo akiwa na wembe na plastiki mkononi asitamani kuitengeneza Farman hiyo? Boksi la tayari sikulipata, nikaichonga mwenyewe: bawa za plastiki bapa, nguzo za waya, kamba za plastiki iliyopashwa moto na kuvutwa iwe nyembamba kama uzi. Umbo lilitoka. Kisha nikafika kwenye rangi, na rangi ya 1915 ina picha nyeusi na nyeupe tu.

Watu hudhani picha ya namna hiyo haisemi chochote kuhusu rangi. Inasema, ila kwa lafudhi yake. Mabamba na filamu za wakati ule hazikuiona nyekundu. Zilikuwa zinaona bluu na, zile bora, kijani. Kwa hiyo kwenye picha, nyekundu inatoka nyeusi, njano inatoka imefifia kuelekea giza, na bluu inatoka nyeupe. Ndiyo maana mbingu kwenye picha za babu zetu ni nyeupe kama karatasi, hata kama siku ilikuwa ya jua kali.

Kusoma jambo hilo ni tofauti na kuliona. Nilichukua picha niliyopiga kwa simu siku ya mechi ya watani, nje ya uwanja wa Mkapa: shabiki wa Simba na shabiki wa Yanga wamepanda bodaboda moja, nyuma yao anga safi. Nikaiingiza kwenye programu ya kuhariri picha, nikaacha chaneli ya bluu peke yake, yaani mwanga wa bluu tu uliomo kwenye picha. Jezi nyekundu ikawa nyeusi tii. Jezi ya njano ikawa nayo nyeusi, karibu kufanana na mwenzake. Usingejua nani ni wa timu ipi. Anga likawa jeupe. Chaneli ya bluu peke yake ni kali kuliko filamu nyingi za wakati huo, lakini somo liliniingia. Tangu hapo, nikiona kitu cheusi kwenye picha ya 1915, swali langu la kwanza ni kama hakikuwa chekundu.

Sasa lete swali hilo kwenye duara la bawa. Mwanzoni mwa vita Waingereza walipaka bendera yao kwenye ndege, ila kwa mbali ule msalaba mwekundu ulionekana kama msalaba wa Wajerumani, wakawa wanapigwa na askari wao wenyewe. Wafaransa walikuwa na duara: nje nyekundu, kisha nyeupe, katikati bluu. Jeshi la nchi kavu la Uingereza likachukua duara hilo na kuligeuza: nje bluu, katikati nyekundu. Lakini jeshi la majini, ambalo ndilo lililokuwa Mafia, likachagua lake: pete nyekundu na katikati nyeupe, lisilo na bluu. Lilikaa nalo kuanzia Desemba 1914 mpaka baadaye mwaka 1915, lilipojiunga na wenzake.

Hapo ndipo mtego ulipo. Henri Farman na Caudron zote ni ndege za asili ya Kifaransa. Ukikuta picha ya Caudron yenye pete nyeusi na katikati peupe, je, hiyo ni pete nyekundu ya jeshi la majini la Uingereza, au ni duara la Kifaransa ambalo bluu yake imegeuka nyeupe? Kwa macho ya haraka zinafanana kabisa. Njia ya kwanza ni kuikuza picha yenye ubora mkubwa na kutafuta mstari: kwenye duara la Kifaransa, mahali nyeupe inapokutana na bluu hubaki kivuli chembamba, kwa sababu bluu hailingani na nyeupe asilimia mia. Njia ya pili ni usukani wa mkia: mistari yake ikiwepo, soma ipi inatangulia na ipi ni nyeusi. Njia ya tatu ni ileile ya Libya, tarehe. Julai 1915, ndege ya jeshi la majini: kanuni ilikuwa pete nyekundu, na hivyo ndivyo nilivyopaka.

Chini ya kitako cha kila modeli naandika kwa penseli nilikoitoa rangi. Kwenye Farman nimeandika "duara: kwa kanuni, kitambaa: kwa jaribio". Mgeni hasomi maandishi hayo. Mimi nayasoma kila nikijisikia kujigamba.

Jaribio la kitambaa lilikuwa tamu kuliko yote. Bawa za ndege zile zilifunikwa kitani, kikapakwa dawa ya kukikaza na vanishi juu yake, bila rangi nyingine. Vitabu vinasema ni rangi ya maziwa, vingine rangi ya asali, na karatasi za maelekezo huandika "njano ya mchanga" na kukuacha hapo. Kitani sikukipata Kariakoo kwa bei yangu, nikanunua kitambaa cha marekani, kile kisichopaushwa, nikakiwamba kwenye vifremu vidogo vya mbao. Kimoja nikaacha kitupu. Kingine nikakipaka vanishi ya mbao mkono mmoja, kingine mikono kadhaa, nikavipeleka juu ya paa la jirani mwenye ghorofa, aliyedhani natengeneza mitego ya njiwa.

Jua la Dar halina huruma. Vile vyenye vanishi vilianza na rangi ya uji mwepesi, vikaenda vikiiva, na chenye mikono mingi kilipita asali kabisa kikaelekea chai ya rangi. Kilichonishangaza ni kitu ambacho karatasi yoyote isingeniambia: ukikiinua kitambaa juu na jua likiwa nyuma yake, mwanga unapita. Unaona mbao za fremu kama mbavu, na doa nililochora upande wa juu linaonekana kwa chini, limefifia. Kumbe bawa la Farman kwa mtu aliyesimama chini, mvuvi wa Rufiji tuseme, halikuwa na rangi moja. Lilikuwa na rangi ya mwanga unaopita kwenye kitambaa, na kivuli cha mbavu, na kivuli cha duara lililopakwa upande wa pili. Marekani ni pamba na si kitani, najua, na vanishi ya dukani siyo ya 1915. Lakini mpangilio wa giza na mwanga nilioupata pale juu ya paa ndio niliopaka: chini ya bawa nilitangulia na mistari ya kahawia kwenye mbavu, kisha tabaka jembamba la maziwa, kisha asali iliyochujuliwa sana kwenye tina.

Rangi yenyewe huichanganyisha mtaani Gerezani, kwa fundi wa rangi za magari. Mara ya kwanza mazungumzo yalikwenda hivi.

"Gari gani, bosi?"

"Si gari fundi, ni ndege."

"Ndege ya nani?"

"Ya Waingereza."

"Wameileta wapi?"

Nikatoa bawa mfukoni. Akacheka mpaka kijana wake akatoka nyuma kuja kuona. Nilipomwambia nahitaji kiasi cha kifuniko cha soda akasema kwa kiasi hicho mashine yake haiwashwi, itakunywa yote ibaki na kiu. Basi akaniokotea mabaki kwenye makopo, akaanza kuchanganya kwa jicho, na hapo nilipata elimu ambayo nisingeipata kwenye maktaba yoyote. Anachovya kijiti, anagusisha kwenye kadi nyeupe, anasubiri. Mimi nina haraka ya kulinganisha, yeye ananizuia: rangi mbichi si rangi, ngoja ikauke. Ikikauka anaitoa nje, mbali na taa ya dukani. Ameshagombana na wateja wengi ambao mlango na boneti vilifanana ndani ya gereji vikatengana barabarani. Rangi mbili zilizotengenezwa kwa viungo tofauti zinaweza kupatana chini ya taa moja na kukataana chini ya jua.

Namba nazo zina kazi yake. Waingereza wana orodha yao ya BS 381C, ambamo kijivu cha bahari cha wastani ni 637 na rangi ya udongo mweusi ni 450. Wajerumani wana RAL. Wamarekani walikuwa na kadi ya FS yenye tarakimu tano, na ukiijua mpangilio wake inasomeka: 36375, ile 3 ya mwanzo inasema haing'ai, 6 inasema ni kundi la kijivu. Faida ya namba ni kwamba mimi na mtu wa Nairobi au London tunabishana juu ya kitu kimoja. Hasara ni kwamba watu wakishapata namba wanadhani kazi imekwisha. Namba inasema rangi iliyoagizwa. Kilichopakwa ni habari nyingine.

Ushahidi wa hilo umo kwenye amri zenyewe. Agosti 1941 Waingereza walibadilisha mavazi ya ndege zao za kivita za mchana kama Spitfire: rangi ya udongo ikaondoka juu, ikaja kijivu cha bahari kuu pamoja na kijani kilichokuwapo. Kijivu hicho kipya hakikuwa kimefika vituoni, kwa hiyo mafundi waliambiwa wachanganye wenyewe, sehemu saba za kijivu cha wastani kwa sehemu moja ya nyeusi. Sasa fikiria vituo vyote vile, kila kimoja na kopo lake na mtu wake wa kupima. Nilipomsimulia fundi wangu alikuwa anafuta mikono kwa tambara. "Saba kwa moja," akasema, "halafu afande akigeuka, sita kwa moja." Kwa hiyo mtu akinijia na kadi yake kubishana kwamba kijivu cha Spitfire yangu kimezidi weusi kidogo, simjibu kwa ukali, ila rangi sibadilishi.

Yapo mambo mawili matatu ya kiufundi niyaseme upesi. Rangi ya gari na tina yake vinakula plastiki. Anza na tabaka la chini, puliza ukungu mwepesi kwa mbali, acha likauke, rudia. Masika usipulize jioni, unyevu unaingia kwenye rangi na inatoka na weupe kama imemwagiwa unga. Na kutu: vijana wengi wanapaka kutu kila mahali ili ndege ionekane imepigana. Alumini haishiki kutu. Inachubuka, inafifia, inachafuka kwa mafuta na moshi, lakini rangi ya chungwa ya bati la Tandale haina kazi pale.

Jambo linalobishaniwa zaidi ni umbali. Modeli ya 1/72 ukiishika sentimita 30 kutoka machoni, ni sawa na kuitazama ndege halisi kutoka kama mita 22. Kwa umbali huo hewa yenyewe inapunguza ukali wa rangi, na eneo dogo la rangi huonekana zito kuliko eneo kubwa la rangi hiyohiyo. Kuna wanaotoa asilimia maalumu za nyeupe za kuongeza kwa kila kipimo. Mimi siziamini sana. Ukiongeza nyeupe kwenye nyekundu unapata waridi, na duara la waridi halijawahi kumtisha mtu. Naongeza kidogo, kwenye kijani na kijivu natumia kijivu chepesi badala ya nyeupe, kisha naiweka modeli dirishani na kuitazama nikiwa mlangoni. Ikisomeka kama ndege, inatosha.

Sasa hivi mezani ipo Tu-22. Stika za boksi zilikuwa za zamani, zilipogusa maji zikapasuka vipande vipande, na hata hivyo zilikuwa za nyekundu, nyeupe na nyeusi. Maduara nayakata kwa bikari kwenye karatasi ya gundi nipulize mwenyewe. Kijani ndicho kilichonirudisha Gerezani Jumamosi, na picha ya bendera kwenye simu, na kipande cha plastiki cha kujaribia.

"Hii nayo ndege ya nani?" fundi akauliza, tayari anafungua kopo.

"Ya Gaddafi. Ile iliyopiga Mwanza."

Akafunga kopo. "Mama yangu mzaa chema ni wa Mwanza," akasema. "Ya huyo utalipa bei ya gari zima."